UZI: EP ya pamoja ya singeli, gqom, kuduro na funk ya Rio. Tempo, besi, stemu na mgawanyo wa hela

FundiMapigo

Wadau wa midundo, uzi huu ni wa wale wanaotengeneza EP (rekodi fupi za ngoma chache) za pamoja na maprodyuza wa Durban, Luanda, Lisbon, Rio au Chicago. Tangu lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa singeli, muziki wetu wa kasi, kutoka Sisso Studios ya Mburahati mwaka 2017, masikio ya nje yamegeukia Dar, na kolabo zimefuata. Nyingi zinatoka zikiwa legelege. Sababu ninayoisikia mara kwa mara ni hii: singeli inashushwa hadi 130 BPM (mapigo kwa dakika) ili ikae na mgeni, na ikifika huko inakuwa biti ya kawaida yenye kinanda chembamba juu yake.

Msimamo wangu ni kwamba asishuke mtu. Kila mtindo ubaki na mwendo wake, kisha tutafute uwiano wa namba unaoifanya mienendo miwili ikutane.

Gqom ya Durban inacheza karibu na 125. Zidisha kwa 3 gawa kwa 2, unapata 187.5, na hiyo bado ni singeli. Kuduro ya Luanda ya 140 kwa uwiano uleule inakupa 210, pazuri kabisa. Footwork ya Chicago ni 160, inakupa 240, kasi ambayo watoto wa Mbagala wanaicheza bila shida. Funk ya Rio ya kasi mpya ni 150. Hiyo ukiipeleka 3 kwa 2 inakuwa 225, lakini 4 kwa 3 inakupa 200 kamili, na mimi naipenda zaidi hii ya pili. Amapiano haihitaji kazi kubwa: 112 mara mbili ni 224.

Maana yake kwenye ngoma ya 210 na 140: pigo moja la singeli ni milisekunde 285.7, pigo moja la kuduro ni 428.6. Mapigo mawili ya kuduro yanachukua muda sawasawa na matatu ya singeli. Kwa hiyo baa 2 za kuduro ni baa 3 za singeli, na baa 8 za mwenzako ni 12 zako. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Wanapanga ngoma kwa baa 8 na 16 kama walivyozoea, mwenzao wa Luanda naye anapanga kwa 8 na 16, na viitikio vinapishana. Kwenye uwiano wa 3 kwa 2, panga singeli kwa 12 na 24. Kwenye 4 kwa 3, baa 3 za Rio ni 4 zako, kwa hiyo mwenzako apange kwa 12 na wewe upange kwa 16.

RangiTatu

Mkuu nimekuelewa upande wa hesabu. Sasa ndani ya FL Studio, programu yetu ya kutengenezea muziki, mradi unauweka tempo ipi? Na zile noti za kuduro zinakaaje kwenye gridi ya 210 bila kuhesabu kwa mkono?

FundiMapigo

Mkuu, weka mradi kwenye tempo ya singeli, ile ya juu. Ukiweka 140 halafu singeli uiandike kwa noti za tatu-tatu, kila ukitaka kukata haihati (zile sauti za matoazi) utasumbuka.

FL inagawa pigo moja vipande 96 isipokuwa umebadilisha PPQ, yaani idadi hiyo ya vipande. Stepu moja ya singeli, yaani robo ya pigo, ni vipande 24. Stepu ya kuduro ndani ya 210 ni vipande 36, yaani stepu moja na nusu. Weka snapu (inayovuta noti kwenye gridi) ya nusu stepu, kila noti ya kuduro itadaka yenyewe. Kwa Rio ndani ya 200, stepu yao ni milisekunde 100 na pigo lako ni 300, kwa hiyo snapu ya theluthi ya pigo inamaliza kazi. Ule mdundo wao wa 3-3-4-3-3 unauhesabu kwa theluthi hizo: kiki (pigo la ngoma nzito) ya kwanza mwanzo, ya pili baada ya theluthi 3, ya tatu baada ya 6, ya nne baada ya 10, ya tano baada ya 13, na mzunguko unafunga kwenye 16.

Usitumie kunyoosha sauti kwa programu kulazimisha lupu ya 150 iwe 200. Kunyoosha kwa theluthi nzima kunaua ncha ya kiki na sneya inatoa mlio wa kuburuza. Mwombe mwenzako atume mapigo moja moja na MIDI (faili la noti zenyewe, bila sauti), uyapange mwenyewe.

Dijei_wa_Zamu

Wakuu, kwa heshima zote napinga kidogo. Ngoma ikishakamilika lazima dijei aipige. Dijei wa Berlin au Nairobi aliye kwenye 130 hafiki 210 kwa njia ya kawaida. Vichezeo vya madijei vya CDJ vina mipaka ya kubadili kasi ya asilimia 6, 10 na 16, halafu ule upana wa mwisho ambao wengi hawaugusi. Ndiyo maana wengine wanashusha singeli hadi 160. Si kwamba hawaipendi, wanataka ipigwe.

FundiMapigo

Hoja yako ni nzito, na jibu lake liko kwenye uwiano uleule. Ngoma ya 210 yenye tabaka la kuduro la 140 ndani yake ina mlango. Acha mwanzo uwe kuduro peke yake, baa 16 za 140, kama sekunde 27. Dijei aliye kwenye kuduro au chochote cha 140 anaingiza bila kugusa kasi. Tabaka la singeli linaingia juu, yanakaa mawili pamoja, kisha kuduro inatoka na watu wako kwenye 210 bila mtu kuburuzwa. Mwisho wa ngoma uwe singeli tupu, ili anayekuja na 210 nyingine aendelee. Ukishusha singeli hadi 160 unapoteza mlango na nyumba.

Dijei_wa_Zamu

Hapo nimekubali. Basi niongeze ya kiutendaji. Programu za madijei zinasoma tempo hizi vibaya: 200 itaandikwa 100, na ile ya 210 yenye kuduro inaweza kusomwa 105, 140 au 210. Andika tempo zote mbili kwenye jina la faili, mfano "140-210". Dijei naye aiweke gridi kwa mkono kwenye tempo ya mwanzo wa ngoma.

Na mkitoa santuri, kuna faida nyingine. Santuri ya kasi ya 45 ikipigwa kwenye 33 inashuka hadi asilimia 74 ya mwendo wake. Singeli ya 200 inakuwa 148, ya 187.5 inakuwa karibu 139. Tantebo (vichezeo vya santuri) zenye uhuru wa asilimia 8 zinaifikisha kwenye 140 bila tabu. Sauti inashuka zaidi ya semitoni 5, kinanda kinakuwa kizito, na kwa ngoma isiyo na emsii inapendeza sana. Watengenezaji wa singeli wasikilize kazi yao kwa mwendo huo kabla ya kuipeleka kuchapwa.

BesiYaTemeke

Mmeongelea tempo, sasa tuje kwenye kinachoharibu kolabo hizi kuliko vyote: besi.

Mkisema 200 BPM, stepu moja ni milisekunde 75. Noti ya besi ya 50 Hz inahitaji milisekunde 20 kukamilisha mzunguko mmoja. Kwa hiyo noti ya stepu moja haijatimiza hata mizunguko minne kabla ya kukatwa. Sikio linasikia "tk", kifua hakisikii kitu. Mtu akiona besi haipo anaongeza sauti, limita (kizuizi cha vilele vya sauti) inakaba, ngoma nzima inapungua nguvu. Ongeza urefu wa noti, acha sauti palepale.

Kwenye kazi za pamoja mgawanyo wangu uko hivi. Mgeni wa taratibu, gqom au kuduro, ndiye mwenye chini yote, kuanzia 30 hadi 80 Hz. Besi yake ndefu ya milisekunde 400 ina nafasi ya kutikisa. Kiki ya singeli ikatwe chini ya 90 Hz, iwe fupi ya milisekunde 80 hadi 100, na nguvu yake uitafute kwenye 120 hadi 200 Hz na ile ncha ya 3 kHz. Kiki ndefu ya milisekunde 400 kwenye 200 BPM inaingia ndani ya kiki inayofuata, maana pigo ni 300. Ule uvimbe unaosikika kama spika imelegea unatoka hapo.

Halafu angalieni sehemu mienendo miwili inapokutana. Kwenye 3 kwa 2, kiki zote mbili zinagonga pamoja kila baada ya mapigo matatu ya singeli. Sauti mbili zinazofanana zikigonga kwa wakati mmoja zinaweza kupanda hadi dB 6. Ngoma inakuwa na kigugumizi, pigo moja kubwa na mawili madogo. Ondoa kiki ya singeli kwenye makutano hayo, mwachie mgeni. Kwa kazi hiyo moja tu miksi inafunguka.

Kila kitu chini ya 120 Hz kiwe mono, yaani sauti ileile kushoto na kulia. Spika za vigodoro (sherehe za mtaani) zinapangwa upande mmoja wa uwanja mara nyingi, na besi iliyosambazwa kushoto na kulia inajiua yenyewe zikichanganywa.

Kinanda_Tandale

@BesiYaTemeke swali kaka. Mwangwi nauwekaje? Wenzetu wa gqom wanapenda ukumbi mkubwa, giza lile. Nikiweka kwenye singeli inakuwa uji.

BesiYaTemeke

Usiweke mwangwi mmoja kwa wote. Gqom ina nafasi tupu katikati ya mapigo, hiyo ndiyo nguvu yake, kwa hiyo mwangwi wa sekunde 2 una pa kukaa. Singeli haina nafasi tupu. Kwenye kinanda chako tumia mwangwi usiozidi sekunde 0.3, au achana nao utumie dilei (marudio ya sauti) ya milisekunde 150 kwenye 200 BPM, iliyokatwa chini ya 400 Hz na juu ya 5 kHz. Ukitaka ule ukumbi wao, uweke kwenye sneya moja ya mgeni na uunganishe kompresa inayoushusha mwangwi kila kiki ya singeli inapogonga, irudi ndani ya milisekunde 60 hadi 80. Ikichelewa sana, haimalizi kurudi kabla ya kiki nyingine.

DadaMiksa

Habari za jioni wakuu. Naomba niongelee stemu, yaani faili la kila chombo peke yake, kwa sababu mengi ya mnayoyarekebisha kwenye miksi yanaanzia kwenye faili mlizotumiwa.

La kwanza, kiwango cha sampuli mkubaliane siku ya kwanza: 44.1 au 48 kHz. Faili la 48 likisomwa kama 44.1 bila kubadilishwa, biti ya 200 inakuwa 183.75 na ufunguo unashuka karibu semitoni moja na nusu. Mtu anadhani mwenzake kakosea tempo, wanabishana wiki nzima.

La pili, MP3 marufuku kwenye stemu, hata za kujaribia. Uandishi wa MP3 unaongeza ukimya mwanzoni mwa faili, kwa kawaida sampuli zaidi ya 1,000, sawa na milisekunde 25 hivi. Kwenye ngoma ya 128 hiyo inaweza kupita. Kwenye singeli ni theluthi ya stepu, na haihati zote zinaonekana zimelewa. WhatsApp nayo inaweza kubana sauti; ukilazimika kuitumia tuma WAV kama dokumenti, isiwe kama sauti.

Stemu ziwe WAV za biti 24, zote zianze baa ya kwanza hata kama chombo kinaingia dakika ya pili, zote ziwe na urefu mmoja. Mwanzo kabisa weka pigo moja fupi la alama kwenye kila stemu, muziki uanze baa ya pili. Mpokeaji akiona alama zimepangana anajua hakuna kilichosogea. Kilele kisizidi dB -6, na limita ya Master (chaneli kuu) izimwe: kiolezo cha kawaida cha FL kinafunguka nayo tayari iko pale, watu wengi hawaioni. Wakati wa kutoa, chagua kila chaneli ya miksa itoke kama faili lake, na mikia ya mwangwi iachwe imalizike, isikatwe.

Bando: stemu ya stereo ya biti 24 kwa 44.1 ni karibu MB 16 kwa dakika. Stemu kumi za dakika nne zinakaribia MB 635. Kiki, besi na sauti ya emsii zitoe mono, kila moja inabaki nusu. Kisha zigeuze kuwa FLAC kabla ya kutuma, mara nyingi zinapungua kuelekea nusu bila kupoteza chochote. Na mashine bila UPS (betri ya akiba), umeme ukikatika katikati ya kutoa faili, unapata WAV iliyokatika ambayo wakati mwingine inafunguka vizuri hadi mwisho wake bandia. Linganisha urefu wa faili zote kabla ya kutuma.

Mtu mmoja tu awe mtunza mradi. Wengine watume stemu mpya zenye namba, "kiki_mono_210_v03". Miradi mitatu ya FL inayotembea sambamba kati ya Dar, Durban na Lisbon haiunganiki tena.

RangiTatu

Dada asante sana, hili la alama ya mwanzo ni dawa. Na kwa emsii je? Wa kwetu anachana kwa 210, mwenzetu wa Durban anataka nafasi ya maneno machache tu.

DadaMiksa

Vesi ya baa 16 kwenye 210 inaisha ndani ya sekunde 18.3. Kwenye 125 baa 16 ni zaidi ya sekunde 30. Kwa hiyo mwenzako akisema "vesi moja ya 16", mwulize ni 16 za nani. Kwa emsii wa singeli mpe 24 au 36 kwenye uwiano wa 3 kwa 2, apate muda wa kusema kitu.

Mrekodi kwa treki mbili kwa zamu: mistari ya 1 na 3 treki ya kwanza, 2 na 4 treki ya pili. Pumzi haikati neno, na huhitaji kumfukuza arudie vesi nzima kwa silabi moja. Maiki sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, kidogo pembeni, magodoro nyuma yake zaidi ya mbele yake. Kompresa ishike ndani ya milisekunde 2 hadi 5, iachie kwa 40 hadi 60. Ile "s" na "sh" za Kiswahili zikija kwa kasi hiyo zinachoma, zipunguze kwenye 6 hadi 8 kHz, hasa kama mnaenda santuri.

Maneno machache ya Durban yawekwe pale singeli inaponyamaza. Kuyarundika juu ya emsii ni kuwapoteza wote wawili.

HatiNaHaki

Wakuu, nimefuatilia. Niongeze upande wa karatasi, kwa sababu ukishachelewa huwa ni ugomvi.

Kuna haki mbili tofauti: utunzi na rekodi. Aliyetunga kinanda na aliyeandika mistari wako kwenye utunzi. Aliyegharamia na kutengeneza rekodi yuko kwenye rekodi. Kolabo nyingi zinaandika "50 kwa 50" bila kusema ni ya nini. Andikeni ukurasa mmoja kabla ya stemu ya kwanza kutumwa: jina la kila ngoma, majina halisi ya kila aliyeshiriki, asilimia ya utunzi, asilimia ya rekodi, nani anashika hela, anatoa hesabu kila baada ya miezi mingapi, na nini kinatokea ngoma ikiombwa kwenye filamu au tangazo. Emsii asiachwe nje eti kaja siku moja. Mistari ni yake.

Sampo za taarabu ni kitu cha kuangalia kwa makini sana. Singeli imekulia kwenye vipande vya taarabu vilivyoongezwa kasi, na mtaani hakuna aliyeuliza. Ikishauzwa kimataifa, ataulizwa aliyeitoa. Kuongeza kasi na kupandisha ufunguo hakuondoi haki ya mtu. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 1999, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Njia safi ni kumwita mpiga kinanda au fidla, mkatunga kipande kipya kwa mtindo huo, kisha mkakikata na kukiongeza kasi. Analipwa, anaingia kwenye karatasi. Kazi isajiliwe COSOTA (ofisi ya hakimiliki) na kila ngoma ipewe namba yake ya ISRC, ya kuitambulisha rekodi, kabla ya kutoka.

Kwenye mauzo, Bandcamp inachukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali na asilimia 10 ya bidhaa kama kaseti na santuri, mbali na makato ya mlipaji. EP ya dola 7 inabakiza 5.95 kabla ya makato hayo. Mkiwa watu watano sawa kwa sawa ni dola 1.19 kila mmoja. Malipo yanapita PayPal, kwa hiyo thibitisheni akaunti ya nani inaruhusiwa kupokea fedha katika nchi yake kabla ya kufungua ukurasa, si siku ya kutoa EP.

Kinanda_Tandale

Na mastaringi, ile hatua ya mwisho baada ya miksi? Moja ya kidijitali na santuri au mbili?

BesiYaTemeke

Mbili. Ya kidijitali lenga karibu LUFS -9 (kipimo cha ukubwa wa sauti), kilele halisi dB -1. Limita iachie ndani ya milisekunde 30 hadi 50. Ukiiacha kwenye milisekunde 200 haipumui kati ya kiki na kiki, kila kitu kinalala bapa. Pia usisawazishe ngoma za EP kwa mita peke yake. Singeli haina ukimya, kwa hiyo mita inaisoma juu. Gqom ina mapengo, inasomwa chini. Ukizilinganisha kwa namba, gqom itatoka na kiki kubwa mara mbili ya ile ya singeli. Linganisha kiki kwa kiki, kwa sikio.

Ya santuri peleka biti 24 bila limita. Upande mmoja wa inchi 12 kwa kasi ya 45 usizidi dakika 12. Ngoma yenye haihati kali na emsii iwe ya kwanza, ukingoni, kwa sababu kadiri sindano inavyoelekea katikati ndivyo sauti za juu zinavyochakaa. Ngoma ya gqom iliyotulia iwe ya mwisho. Mkipata nakala ya majaribio, isikilizeni yote kwa 45 na kwa 33 kabla ya kuruhusu zilizobaki zichapwe.